Fundi Anajibu: Plastiki za ndani ya gari zikichubuka

Toleo lililopita niliandika habari za siti. Barua zilizorudi karibu zote zimeziruka siti na kwenda kwenye plastiki: mlango uliochubuka, vitufe vinavyonata, dashibodi inayong'aa kama imemwagiwa mafuta ya kula. Naelewa. Magari mengi tunayoendesha yameshuka bandarini yakiwa tayari na miaka yake, na sisi tumeongeza mingine kumi juu. Injini haina habari, inapiga kazi. Plastiki ndiyo inayotaja umri. Wenye maswali ya injini mtaniwia radhi, mimi ni fundi rangi hapa Ilala, na siku hizi rangi ya ndani tu.

Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester ya 2005. Kile kipande cha rangi ya silva kwenye mlango wa dereva, pale pa kushikia, na kile kinachozunguka redio vimechubuka, chini inaonekana plastiki nyeusi. Mke wangu anasema gari limekaa kama la kukodisha. Nimeshanunua kopo la silva. Naweza kupulizia bila kufungua, nikifunika redio kwa gazeti?
*Msomaji, Nyegezi, Mwanza*

Marahaba. Kopo liweke kabatini kwanza, lina zamu yake na zamu hiyo bado iko mbali.

Bila kufungua, hapana. Rangi ya kopo inatoka kama ukungu, na ukungu haujui gazeti limeishia wapi. Utaukuta kwenye kioo, kwenye kitambaa cha siti, kwenye matundu ya AC. Halafu pale ukingoni mwa gazeti rangi itajenga mstari mnene, na mtoto wako akikaa mbele atauanza kwa kucha. Vipande vitoke vyote viwili.

Usivitoe asubuhi mapema. Plastiki ya umri huo imekauka na klipu zake zinakatika kirahisi. Liache gari juani kwa muda, ndani kupate joto, ndipo uanze. Bisibisi izungushie tepu ya karatasi nchani isije ikaacha alama. Kabla ya kuvuta, tafuta skrubu: kwenye milango Wajapani wanapenda kuificha chini ya kifuniko kidogo, au chini ya kimpira kilicholala kwenye kishimo cha kushikia. Kipande kikigoma, ujue kuna skrubu hujaiona. Waliokuja kwangu na mlango uliovunjika klipu wote walivuta kwa hasira.

Kikishatoka, kigeuze. Mgongoni utaona herufi zilizokaa kati ya mishale miwili: >ABS<, au >PP<, au >PC+ABS<. Hapo ndipo kazi inapoamuliwa, si dukani mbele ya rafu ya makopo. ABS ni ngumu, ukiigonga kwa kucha inatoa sauti kavu, na rangi inaipenda. PP, yaani polipropilini, ina ulaini fulani, ukiikwangua kwa wembe inatoa nyuzi, na haishikani na karibu kitu chochote, hata gundi nyingi zinaikimbia. Ukikuta maandishi marefu kama >PP+E/P-TD20< usiogope: ni PP ile ile, imechanganywa na mpira na unga wa talki asilimia 20. Vipande vilivyopakwa silva kiwandani mara nyingi ni ABS au PC+ABS (ABS iliyochanganywa na polikaboneti), maana kiwanda nacho hakipendi kujitafutia kazi.

Alama ikiwa imefutika, kwangua kipande kidogo mgongoni, kitupe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikielea, karibu hakika ni PP. Kikizama, bado hujajua, kwa sababu PP yenye talki nyingi nayo inazama.

Sasa kuosha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo rangi nyingi zinapofia. Adui ni yale mafuta ya kung'arisha dashibodi. Kila muosha magari ana chupa yake, na atapulizia hata kama hukumwomba, kisha atakuambia "bosi nimekufanyia na ndani". Mengi yana silikoni. Silikoni ikibaki, rangi mbichi inaikimbia na kuacha vishimo vidogo vya duara, katikati ya kila kimoja plastiki inakutazama. Hata ukipiga mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, vishimo vinabaki. Kwa hiyo sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, na mswaki uliostaafu, usugue mpaka kwenye kona na mitaro. Suuza. Rudia. Kisha mwagia maji safi na utulie uangalie. Maji yakitandaa utando mmoja mpaka ukingoni, kipande ni safi. Yakijikusanya matone na kuteleza kama juu ya jani la gimbi, rudi kwenye sabuni. Kipimo hiki ni cha ABS na cha kipande chenye rangi ya kiwandani. PP tupu, hata iwe safi namna gani, maji yanaikimbia, na tabia hiyo hiyo ndiyo inayoikimbiza rangi. Ukimaliza, kausha na ufute kwa spiriti ya dukani na kitambaa kisichotoa manyoya. Usitumie thina. Thina inaila ABS, itakuachia uso ulioyeyuka na kunata.

Msasa wa maji namba 400 pale kwenye ukingo wa rangi iliyobanduka, halafu 600, umalizie na 800 kipande kizima. Rangi ya kiwandani ambayo bado imeshika huna haja ya kuitoa. Unachotafuta ni kuua ile ngazi kati ya rangi na plastiki. Fumba macho, pitisha kidole. Ukihisi ngazi, silva itaionyesha mara mbili. Ikiwa ngazi ni ya kina, tumia praima ya kujaza, yaani ile rangi ya chini inayotangulia, iache ikauke, uilainishe tena kwa 800.

Kupuliza. Mimi hupuliza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya upepo na kabla ya bodaboda kuanza kurusha vumbi, na namwagia sakafu maji kwanza. Wewe uko kando ya ziwa, epuka asubuhi ya baada ya mvua: hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi inaweka weupe kama pumzi kwenye kioo na hautoki. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi inagonga. Shika sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake, achia kitufe ukiwa umeshatoka upande wa pili. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, plastiki bado unaiona. Watu wengi hawauvumilii mkono huu, wanataka rangi ionekane hapo hapo, na rangi inateremka. Subiri dakika kumi, piga wa pili, subiri, wa tatu. Vipande vyako viwili vilale pamoja na vipulizwe kwa pamoja. Silva ina vipande vidogo sana vya alumini ndani yake, na vinalala kufuatana na jinsi rangi ilivyotua, mbichi au kavu. Ukipaka cha mlango leo na cha redio Jumamosi, kopo ni lile lile lakini utapata silva mbili.

Juu ya silva lazima klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, vinginevyo itakuwa inahamia mkononi. Chagua klia isiyong'aa sana, ndani ya gari mng'ao mkali unaonekana wa bei rahisi. Ikishakauka utaigusa ndani ya saa moja na utadhani imemaliza. Haijamaliza. Kipande cha redio kirudishe kesho yake kama una haraka. Cha mlango kinashikwa kila siku, kipe wiki. Na mwambie shemeji yangu kwamba kilichokula rangi ya kwanza ni pete, kucha, mafuta ya kujipaka, na ile dawa ya kutakasia mikono ambayo tangu 2020 kila gari lina kichupa chake mlangoni. Ni spiriti ile ile, na mikono yenye spiriti mbichi ndiyo inayoshika mlango.

Salaam fundi. Mimi nilipaka zile plastiki za chini ya mlango, pale mtu akanyagapo akiingia, pamoja na za pembeni mwa miguu. Nyeusi isiyong'aa. Siku ya kwanza zilikuwa za kupendeza. Sasa nikigusa kwa kucha yatoka ngozi nzima nzima. Muuzaji rangi asema sikupiga praima. Nilipiga, tena mikono miwili, ya kijivu, ile ya bodi. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Kosa ni kwamba praima ya bodi ni ya chuma. Plastiki ulizozitaja karibu magari yote ni PP, nenda kageuze moja utaona. Praima ya kijivu ilikaa juu yake kama shuka juu ya kitanda, na rangi ikakaa juu ya shuka.

PP inataka praima yake, ile ya plastiki, na soma kopo vizuri: liwe limetaja polipropilini. Nyingine zimeandikwa "plastiki" tu na zinaifaa ABS peke yake. Ya kweli ni nyembamba kama maji na kwa kawaida haina rangi. Ndani yake mna polipropilini iliyotiwa klorini: upande mmoja inashikana na PP kwa sababu ni ndugu yake, upande wa pili inashikana na rangi. Inapigwa mkono mmoja, mwembamba. Ukijaza, inakuwa tabaka laini na rangi inatoka nayo. Na rangi iingie juu yake ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni wa dakika, si wa kesho. PP usiisugue kwa msasa mkali mkavu, itaota manyoya. Tumia ile sponji ya kijivu ya mafundi rangi, na maji ya sabuni.

Hayo ni majibu ya swali lako. Ushauri wangu ni mwingine: usirudie. Plastiki ya kukanyagwa kiwanda kiliiacha bila rangi kwa makusudi, nyeusi imeingia mpaka ndani, ikikwaruzwa chini bado ni nyeusi. Ukiipaka, kila kiatu kitakuandikia jina lake. Ile ngozi iliyobaki ibandue kwa tepu pana: bandika, kandamiza, vuta kwa kasi. Kwa kuwa haikushika, itatoka yote, na hapo bahati imekuangukia wewe. Osha, pitisha sponji ya kijivu kwa mwelekeo mmoja, iache hivyo.

Fundi, niko na Volkswagen Golf, vitufe vya vioo na vya redio vinanata. Vumbi inashika hapo, zimekuwa chafu. Nimeosha na sabuni na hazibadiliki. Nataka kuzipaka nyeusi tu.
*Msomaji, Kasarani, Nairobi*

Kinachonata si uchafu, ni rangi yenyewe. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1990 na 2000 yalipakwa tabaka la poliyurethani ili kitufe kiwe laini kukigusa, kama mpira. Joto na unyevu wa hewani vinalikatakata tabaka hilo pole pole mpaka linageuka gundi. Sabuni haiwezi, na rangi yoyote utakayoiweka juu yake itakaa juu ya gundi. Golf zenu nazijua, hapa kwetu ni chache lakini zote zinakuja na ugonjwa huo.

Tabaka litoke lote. Lowesha kitambaa kwa spiriti, weka juu ya kitufe, hesabu mpaka mia, kisha futa. Litatoka jeusi na la kunata, badilisha upande wa kitambaa kila mara. Kwenye kona tumia kadi ya simu ya zamani au kijiti cha meno cha mbao, usitumie wembe. Spiriti isiingie ndani ya swichi, kwa hiyo kitambaa kiwe na unyevu tu, na ikiwezekana paneli itoke kwanza. Thina na petroli usiziguse hapa.

Lakini kabla hujaanza, washa taa za usiku uangalie. Ikiwa alama ya kitufe inawaka kutoka ndani, huenda imechongwa kwenye hilo hilo tabaka jeusi, na chini yake kitufe kizima ni cheupe. Ukilitoa, alama inaondoka nalo na usiku utakuwa na mraba mweupe unaowaka. Jaribu kwanza kitufe ambacho hukitumii sana. Kikikubali, endelea na vingine. Kikigoma, tafuta paneli ya mtumba Kirinyaga Road, au vibandiko vya alama vinavyouzwa kwa ajili ya gari hilo. Chini ya tabaka, kama plastiki ni nyeusi, utaikuta ngumu na safi. Usiipake chochote.

Assalaam aleikum. Niko Muscat, wazee wetu ni wa Unguja, na gazeti hili nalisoma kila mwezi. Camry yangu ya 2008 dashibodi imeyeyuka, yang'aa, ukiigusa kidole chaacha alama. Mchana sioni vizuri mbele kwa sababu dashibodi yote yajiona kwenye kioo. Fundi mmoja hapa ataka kuipaka nyeusi isiyong'aa. Nimkubalie?
*Msomaji, Muscat, Oman*

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Usimkubalie.

Hiyo ya kwako haikupakwa rangi, ni ngozi ya dashibodi yenyewe inayooza kwa joto na unyevu, na Muscat imejaaliwa vyote viwili. Si wewe peke yako: Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa ajili ya dashibodi za namna hii, zikiwemo za Camry za miaka hiyo na baadhi ya Lexus. Muda huo umeshapita, lakini angalau ujue kwamba si wewe uliyeiosha vibaya. Rangi ikiwekwa juu ya ngozi inayoendelea kutoa mafuta itapasuka au itanata nayo. Na mng'ao kwenye kioo si suala la urembo. Viwanda vinafanya sehemu ya juu ya dashibodi iwe na chembechembe na isiyong'aa ili dereva aone barabara.

Njia ni mbili. Ya gharama ni kutafuta dashibodi nzima nyingine, au fundi wa ngozi anayejua kuvua hii na kuvisha mpya. Ya rahisi ni kava la kitambaa cheusi lililokatwa kwa ajili ya Camry hiyo, lenye nafasi ya airbag ya abiria na matundu ya hewa. Lile la kukata mwenyewe kwa zulia na kubandika kwa gundi juu ya airbag, hapana. Na kinga jua ya kioo cha mbele ukiegesha, kila siku, hata kwa dakika ishirini.

Fundi, dashibodi ya gari langu ina ufa mrefu juu ya pale penye maandishi SRS AIRBAG. Kuna kijana wa mtaani kwetu anasema atajaza puti, apige msasa, apake, haitaonekana kabisa.
*Msomaji, Kihonda, Morogoro*

Nakuamini kwamba haitaonekana. Mwambie hapana hata hivyo.

Chini ya hayo maandishi kuna mfuko unaojazwa gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kifuniko kimetengenezwa kipasuke kwenye mistari yake, si kwingine. Puti ikikauka ni jiwe. Itafunga ile mistari, au itavunjika na kumrukia abiria usoni. Hali kadhalika katikati ya usukani, na zile plastiki za nguzo zenye maandishi hayo hayo. Mimi sizijazi, sizigundi, na akija mteja anayelazimisha namwelekeza barabara. Hata kazi ya jirani na hapo, mfano kutoa kipande cha redio chenye waya wa airbag karibu, chomoa kwanza terminali hasi ya betri na usubiri. Vitabu vya Toyota vinasema sekunde 90 au zaidi. Soketi za manjano, ambazo ni za airbag, usizichomeke wala kuzichomoa kwa majaribio.

Ufa wako, kama hauko kwenye kifuniko chenyewe bali pembeni, weka kava lenye nafasi yake. Kama uko kwenye kifuniko, dawa ni kifuniko kingine.

Je, dawa nyeusi ya viatu inafaa kwa plastiki za ndani zilizopauka? Nimeona vijana wanapaka bampa na zinakuwa mpya.
*Msomaji, Kahama*

Bampa halikai na suruali nyeupe.

Vishikio vya ndani vya milango ya Premio yangu, vile vya kung'aa, vinamenyeka. Kimoja kilimkata mwanangu kidole. Nitapaka rangi gani?
*Mama wa watoto watatu, Chumbageni, Tanga*

Pole, na mpe pole mtoto. Dada yangu, usipake rangi yoyote. Ule mng'ao ni madini halisi: plastiki ya ABS imevishwa shaba, nikeli na kromu, tabaka nyembamba sana. Zikianza kuinuka, ukingo wake ni wembe. Leo leo bandika tepu juu ya palipomenyeka, kesho ndiyo uanze kutafuta.

Kuna watakaokuambia wanaweza kusugua kromu yote wapake silva. Inawezekana. Nikeli ni ngumu, msasa unaisha, na kila unapodhani umemaliza kuna ukingo mwingine unaoinuka miezi michache baadaye chini ya rangi mpya. Kazi hiyo kwa kishikio cha Toyota, ambacho kimejaa kwenye spea za mtumba, haina maana. Akija mtu wa kwenu Dar mpe kile cha zamani mkononi aende nacho Shaurimoyo, asiende na picha kwenye simu. Cha kushoto na cha kulia havibadilishani, na kuna vinavyofanana kwa macho lakini kijiti cha waya kinakaa kwingine. Akague kwa kidole, si kwa jicho: apitishe ukucha ukingoni, ukinasa, arudishe.

Ndani ya gari langu, Toyota Noah, ni rangi ya maziwa ya kahawa. Kipande kimoja cha nyuma kilipotea, nimepata cheusi. Fundi amechukua namba ya rangi ya gari akachanganyiwa rangi, imetoka nyeupe ya lulu.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Amechukua namba ya nje. Kwenye kile kibati cha Toyota chenye maelezo ya gari tafuta mstari wa C/TR. Kabla ya mkwaju (/) ni rangi ya bodi, baada ya mkwaju ni namba ya mapambo ya ndani. Hata hiyo ya pili haitakutolea kopo dukani, kwa sababu ni namba ya seti nzima, siti na milango pamoja. Na plastiki zako zimeshakaa juani miaka, hazina tena rangi zilizotoka nayo kiwandani.

Chukua kipande kizima kilicho jirani na kile kilichopotea, kipeleke kwa mchanganyaji rangi, alinganishe kwa macho nje juani, si chini ya taa ya duka. Apake kwanza kwenye kijikaratasi kigumu na kikauke kabisa, maana rangi zinabadilika zikikauka. Kutoka nyeusi kwenda rangi nyepesi, anza na praima nyeupe au ya kijivu hafifu, la sivyo utapiga mikono mingi mpaka vinyweleo vya plastiki vifukike na kipande kionekane kama kimechovywa kwenye uji. Na hicho kipande cheusi, kigeuze kwanza. Nadhani sasa mnanielewa kwa nini.

Shikamoo fundi. Nina miaka 22, nataka kufungua kazi ya kupaka ndani ya magari. Nimepata kontena la kupanga na kompresa ya mkopo. Rafiki ameniambia ninunue rangi ya hadina maana haitoki. Barakoa ninazo za wakati wa korona.
*Kijana, Tandika, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako kasema kweli nusu. Rangi ya hadina haitoki, ila hadina yenyewe, ile dawa inayochanganywa na rangi ili ikauke ngumu, ina kemikali iitwayo isosayaneti, na ukiivuta inaweza kukupa pumu isiyopona. Ikishakushika, harufu kidogo tu ya rangi hiyo itakufunga kifua, na ufundi wako umeishia hapo. Barakoa ya kitambaa au ya korona inazuia mate. Viwanda vinawapa wapuliziaji hewa safi kwa bomba kutoka nje. Wewe unataka kuipuliza ndani ya kontena lililofungwa, saa nane mchana, Tandika.

Kwa kazi ya ndani ya gari huihitaji. Plastiki ya mlango hainyeshewi, hairushiwi mawe. Rangi ya akriliki ya kawaida, praima sahihi na klia vinatosha, na mng'ao wake unaurekebisha kirahisi. Hata hiyo puliza nje penye kivuli, na ununue barakoa yenye makasha mawili ya mkaa, uyabadilishe unapoanza kusikia harufu ndani. Kontena liwe stoo na pa kukaushia.

Kompresa ya mkopo irudishe kwanza. Anza na makopo na sponji. Nenda kwa wanaovunja magari, nunua kwa bei ya chakavu paneli za milango zilizopasuka, za kila aina, uzigeuze, uzipange kwa herufi zake, uzifanyie mazoezi. Baada ya wiki mbili bandika tepu juu ya kila moja na uivute kwa kasi. Ile ambayo rangi haikutoka na tepu ndiyo utakayomwonyesha mteja. Na gari la kwanza la kulipwa, anza na mlango wa nyuma kushoto, ndiko mwenye gari anakochungulia mwisho.